Kadi Ndogo Hazichomwi

Mwanangu Kibet,

Nisamehe kwa kimya changu. Tangu mahindi yapaliliwe mara ya pili, mimi na wewe hatujazungumza zaidi ya salamu na "chakula kiko mezani". Mama akikaa nyumba moja na mwanawe, wakala chakula cha sufuria moja, naye asimwambie neno la maana, huyo amenyamaza kuliko aliye ng'ambo. Kwa kimya hicho naomba radhi. Kwa kilichonifanya ninyamaze siombi radhi, na nitakueleza, maana kesho asubuhi unakwenda chuoni Nairobi na sitaki ufike huko ukidhani mama yako anachukia kompyuta.

Naandika nikiwa kazini, katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali. Leo ni Jumapili, ibada imekwisha, wewe umekwenda Boito kumuaga bibi, kogo wako, na hapa dirishani hakuna mgonjwa. Nyumbani nisingeweza kuandika. Ungeingia, ungeniuliza ni nini hicho, nami ningeikunja karatasi.

Habari za soksi, za kufunga mlango na za kutokula vya barabarani sitazitia humu. Shangazi zako wamezisema wiki nzima, na yule wa Londiani amekuletea hata gunia la viazi, kana kwamba Nairobi hawajapata kuviona. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya majina.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa karani wa kumbukumbu. Watu husema niliacha kufundisha kwa sababu watoto walinichosha. Niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba niliacha kwa sababu yako, na sijawahi kukuambia, kwa kuwa sikutaka ukue ukidhani una deni kwangu. Huna.

Ulikuwa hujaanza kutembea vizuri. Mimi nilikuwa nimeitwa Kericho kwenye mafunzo ya walimu, baba yako alikuwa zamu kiwandani, nawe nilikuacha kwa kogo wako, mama wa baba yako. Ukashikwa na homa. Kogo akakufunga mgongoni, akapanda mlima kuja hapa. Siku hizo kadi ya mtoto iliwekwa kwa jina la mama yake. Karani akamwuliza: mama ya huyu mtoto ni nani? Kogo akajibu kwa jina alilonijua nalo: Chebo Sigilai, binti wa Sigilai. Hajawahi kuniita Rebeka hata siku moja. Kwake jina la kanisani ni kama kiatu cha Jumapili: ni kizuri, lakini hakiendi shambani.

Karani akatafuta, hakuna. Kogo akasema, basi tafuta Bot Kibet, mama wa Kibet. Hakuna. Mtoto mwenyewe aitwa nani? Kibet. Hapo karani akacheka kidogo, maana kila mvulana wa Kipsigis aliyezaliwa mchana ni Kibet.

Yule karani hakuwa mvivu, na nakuomba usimdharau. Kadi yangu ilikuwepo. Majina yangu yote manne yalikuwa yameandikwa juu yake, katika kisanduku kimoja, kwa mwandiko mzuri: Rebeka Chelangat, Chebo Sigilai, Bot Kibet. Lakini kadi zilipangwa kwa jina la kwanza tu. Aliyesema Rebeka alipata kadi upesi. Aliyesema jina lingine lolote, karani hakuwa na njia ila kuvuta droo ya kwanza, kusoma kadi moja baada ya nyingine, na kuendelea hivyo hadi droo ya mwisho. Alianza kufanya hivyo. Kabla hajafika katikati, muuguzi aliona mtoto anazidiwa, akampiga sindano ya penisilini. Chini ya majina yangu, kwa wino mwekundu, kadi ilisema kwamba mtoto huyu asipewe penisilini.

Ulivimba mpaka macho yakafunga. Niliporudi nilikukuta hai, lakini sikukutambua. Kogo alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, akaniambia neno moja tu: "Niliwaambia majina yako yote."

Alisema kweli. Jina alilolitaja lilikuwa limeandikwa. Lilikuwa limefungiwa ndani ya kisanduku pamoja na wenzake, na hapakuwa na mlango wa kulifikia. Yule karani alipostaafu, niliomba kazi yake. Mwalimu mkuu wangu alidhani nimepungukiwa akili.

Nikazipa kadi kubwa namba, nikazipanga kwa namba hizo, kisha nikatengeneza kadi ndogo. Wewe umezijua tangu utotoni, ulikuwa unazichezea, lakini nataka uone tena nilichofanya. Sikutengeneza kadi ndogo moja kwa kila mtu. Nilitengeneza moja kwa kila jina. Juu ya kadi ya Chelangat niliandika namba za kadi kubwa zote zenye jina Chelangat, liwe la kwanza au la mwisho kisandukuni. Kwa hiyo mimi mwenyewe nilikuwa na kadi kubwa moja, na kadi ndogo nne zilizonielekea. Mtu angetaja lolote, ningechukua namba na kwenda kwenye droo moja kwa moja.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe majina yetu yana hila zake. Sisi tunawapa watoto jina la saa waliyozaliwa, na inaonekana nusu ya wanaume wa vilima hivi walizaliwa saa za magharibi, maana kadi ya Kiplangat ilijaa, nikaiunganisha na nyingine kwa uzi, na nyingine tena. Siku moja akaja mzee kutoka upande wa Kaplong. Nikamwuliza jina.

"Kiplangat."

"Baba, akina Kiplangat ni wengi."

"Wengi, lakini mimi ndiye huyu."

Nikamwuliza, watu wa kwenu wanakuitaje ukipita njiani? Akaona haya, kisha akasema wanamwita Keroseni, kwa kuwa ujanani aliuza mafuta ya taa. Kadi ya Keroseni ilikuwa na namba moja tu. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza kwanza jina ambalo wachache wanalo. Na mtu akiwa na majina ya kawaida tu, nilichukua kadi zake mbili, nikaziweka ubavu kwa ubavu, nikatafuta namba iliyomo katika zote mbili. Akina mama wa Kisii wanaochuma majani ya chai kwenye mashamba makubwa niliwapata hivyohivyo: Kerubo ni wengi, lakini Kerubo ambaye pia ni Mama Bosire si wengi.

Nilijivuna kwa kabati hilo, Kibet. Nilijivuna kupita kiasi, na majivuno hayo ndiyo yaliyonifanya nikukosee ulipotoka Nakuru na cheti chako cha kompyuta, Msimamizi wa hospitali akakupa kazi ya kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta.

Unaikumbuka siku ya kwanza. Ulikuwa umeweka majina yote ya mtu katika kisanduku kimoja, kama yalivyokuwa kwenye kadi kubwa. Akaja Kerubo mmoja na mtoto. Ukaandika jina, ile herufi ya kijani ikawa inawaka na kuzima, foleni ikarefuka mpaka bombani. Ndipo nikasema mbele ya watu wote kwamba kumbe hata mashine inasoma droo kwa droo. Walicheka mpaka yule mama aliyeumwa jino akacheka. Ukainamisha kichwa, ukasema, "Mama, nimekiwekea kisanduku hicho faharasa." Nikakuuliza imepangwa kwa nini. Ukasema, kwa yaliyomo kisandukuni, kuanzia mwanzo wake. Basi, nikasema, itamfaa Rebeka, haitamfaa Chelangat.

Nilikuwa sahihi kwa jambo lenyewe, nikakosea kwa mahali nilipolisemea. Nilifundishwa na mwalimu aliyesahihisha sentensi zetu kwa sauti mbele ya darasa, na ninaijua lugha kwa sababu yake, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemtembelea alipozeeka. Kumkosoa mtu mbele ya foleni ni kujionyesha. Nilijifunza hayo nikiwa na mvi.

Wewe hukununa. Ulivuta kiti, ukakaa kando ya kabati langu, ukanitazama nikifanya kazi, siku baada ya siku. Kisha ukauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Mama, kijana akitoka kutahiriwa, akawa arap Mutai, unafanyaje?"

Nikasema naongeza jina jipya kwenye kadi kubwa, kisha natengeneza kadi ndogo.

"Na mtu akifa?"

Nikasema kadi kubwa huondolewa.

"Na kadi zake ndogo?"

Ulivuta droo, ukachambua kidogo, ukaniambia, "Mama, humu kuna wafu wengi kuliko kule nyuma ya kanisa."

Ilikuwa kweli. Kuweka jina jipya nilikuwa mwepesi, kuondoa la zamani nilisubiri nafasi, na nafasi haikuja. Ukanieleza, na nilielewa mara ya kwanza, kwamba ungetengeneza majedwali mawili: moja la watu, kila mtu na namba yake, la pili la majina, kila mstari ukiwa na jina moja na namba ya mwenye jina. Faharasa ingekaa kwenye majina. Mtu akiondolewa, majina yake yangeondoka naye kwa pamoja, au pasiondoke kitu. Mimi nikang'ang'ania kisanduku changu. Nikauliza, je, hakuna programu inayokubali majina mengi katika kisanduku kimoja na bado ikayatafuta moja moja? Ukasema iko moja, imetoka chuo kikuu cha ng'ambo, ulionyeshwa Nakuru. Inakubali kisanduku chenye vitu vingi, lakini faharasa yake bado inakiona kisanduku kizima tu, haiingii ndani. Ukiiuliza Chelangat, itasoma wote. "Labda siku moja wataiwezesha," ukasema. "Kwa sasa, Mama, kila jina lipate mstari wake."

Ulipoijaribu, nilitaja Kerubo na Mama Bosire, na kadi ikatokea kabla sijaketi. Nilikwambia umekaza macho sana, nenda ukanywe chai. Nilichotaka kusema ni kwamba nilijivunia wewe kuliko nilivyowahi kujivunia kabati. Sikusema. Nasema leo.

Sasa nifikie lile lililonifunga mdomo.

Msimamizi alirudi kutoka makao makuu na fomu mpya yenye visanduku viwili: jina la kwanza, jina la mwisho. Akasema jedwali la majina linawachelewesha wasichana wanaochapa, na kwamba hospitali nyingine zote zinatumia majina mawili. Akakuamuru ulifute. Ukalifuta. Ulikuja nyumbani jioni ile, ukakaa, ukavua viatu, ukasema, "Mama, nimefanya tu nilichoambiwa. Ofisi ni yake. Wacha tu, hata wewe unakaribia kustaafu."

Baba yako alitutazama sote wawili, akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Kama Msimamizi angefanya hivyo peke yake ningemgombeza, nikalala usingizi. Yeye hajui. Hajawahi kusimama dirishani wakati mtu anabebwa kwa blanketi na jirani anayelijua jina lake la utani peke yake. Lakini wewe ulijua. Uliketi kando yangu na kuona. Mtu asiyejua akikata majina, hiyo ni bahati mbaya. Anayejua akikata, naye akawa ndiye niliyemzaa, sikuwa na neno la kumwambia ambalo ningeweza kulirudisha baadaye. Ndiyo maana nikanyamaza. Sasa naona kwamba nilikosea hapo pia. Ulikuwa na siku chache za kuwa nyumbani, nami nilizipitisha nikigonganisha vyombo.

Jambo ambalo hukuambiwa ni hili. Wiki hii Msimamizi aliniletea karatasi. Inasema kwamba mimi, mkuu wa kumbukumbu, nathibitisha kuwa yote yaliyokuwa kwenye kadi yameingizwa katika kompyuta, na kwa hiyo kadi ndogo zinaweza kuchomwa kwenye shimo la nyuma ya chumba cha dobi.

"Mwalimu, ni sahihi tu," akasema. Bado ananiita Mwalimu anapotaka kitu.

Nikamwuliza majina yako wapi.

"Mawili yamo. Hayo mengine watu watazoea kuyaacha."

"Mgonjwa haji hapa kuzoea," nikamwambia. "Anakuja amebebwa."

Akavuta pumzi kama mtu anayesema na mtoto. "Kwa hivyo Mwalimu anapinga maendeleo."

"Mashine naitaka. Napinga kiberiti."

Alisema halmashauri ya hospitali itaketi, na kwamba nisipotia sahihi kabla ya hapo, atawaomba waniondoe na kuweka mtu atakayetia. Nikamjibu kwamba amtafute mapema, kisha amsimamishe dirishani siku ya soko, amwulize Keroseni yuko wapi. Hakucheka. Mimi nilicheka, na nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani. Usidhani mama yako haogopi. Naogopa sana. Lakini sitatia sahihi. Wakinipa kalamu ya dhahabu sitatia. Sitaandika kwamba yote yameingizwa ilhali hayakuingizwa, maana hiyo ni sentensi ya uongo, na mimi sijaandika sentensi ya uongo tangu niliposhika chaki.

Huko uendako utapewa visanduku vilivyochorwa na watu ambao hawakuulizwa na mtu yeyote, "Mama yake ni nani?" Vingi utavijaza tu, kwa kuwa mtu lazima ale. Mimi pia nimejaza vingi. Nilikubali wakachukua chumba cha pili cha kumbukumbu wakakifanya stoo. Nilikubali wakapunguza makarani. Sikwambii ukatae kila kitu. Anayekataa kila kitu hasikilizwi hata siku anapokuwa na neno. Ila nilipofika mahali ambapo mtu aliye hai angesimama mbele ya dirisha letu na kuambiwa hayupo, hapo nilijua nimefika. Na wewe utapajua pako. Sitakuchagulia.

Kuna jambo moja zaidi. Jana nilipokuwa nakunja mashati yako niliona diski kwenye mfuko wa begi. Umeandika juu yake "majina". Sikuigusa. Kwa hiyo hukulifuta jedwali lote. Ulilitoa kwenye mashine ya Msimamizi, lakini ukalihifadhi. Nilikaa juu ya kitanda chako nikiishika nguo, na mambo mengi niliyokuwa nimeyapanga kukuambia yakaisha.

Ukitaka kuiacha, iache kando ya redio. Nitaipeleka mbele ya halmashauri, nitaomba iwekwe kwenye kompyuta, na kila mjumbe atafutwe kwa jina ambalo mama yake humwitia. Kisha wamtafute kwa visanduku viwili. Waone wenyewe nani kapotea. Lakini ujue kwamba Msimamizi ataitambua kazi yako, na barua ya kukusifu aliyokuahidi kwa ajili ya chuo huenda isifike. Najua unavyoihitaji. Ukiamua kuondoka na diski yako, ondoka nayo, na mimi sitanuna tena. Nitapakia droo za kadi ndogo kwenye mkokoteni wa fundi wa bustani, nizisukume mpaka ndani ya chumba cha mkutano, na kama mlango ni mwembamba, watatoka nje kunisikiliza.

Hilo ni lako kuamua. Umeshatoka jandoni, na mimi nimeshasema niliyokuwa nayo.

Halmashauri itaketi Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijavua viatu: kwanza walichoamua wao, kisha nilichoamua mimi.

Mama yako